Michezo Yangu Chini ya Kufuli

Shemeji yangu alianza kunishinda chesi mwaka ule alioanza kulipia. Kabla ya hapo alikuwa akifungwa, na kila akifungwa anasingizia usingizi.

Mimi nina duka la pembejeo Kikatiti. Mchana wateja wakipungua nilikuwa nacheza kwa simu, kwenye tovuti moja kubwa, na watu nisiowajua. Shemeji, mdogo wake mume wangu, anafanya kazi ofisi ya utalii mjini na amepanga Olasiti. Jumapili baada ya ibada tulikuwa tunakutana nyumbani kwa mama mkwe, Akheri, tunacheza barazani kwa ubao wa kweli.

Ile tovuti ilikuwa na tabia iliyonichefua. Mchezo ukiisha, hasa nikiwa nimefungwa vibaya, kinajitokeza kitufe: ona ulipokosea. Nabonyeza, nakuta kufuli. Lipia kwanza. Walikuwa wanakuonjesha mchezo mmoja kwa siku, halafu wanafunga mlango. Na hata siku niliyoamua kulipa walitaka kadi ya benki. Pesa ya simu, ambayo ndiyo inayoendesha duka langu zima, hawakuitambua.

Jumapili moja nikatoa farasi, shemeji akajibu bila kufikiri. Nikabadili njia. Akajibu tena papo hapo, kikombe cha chai mkononi, hata ubao hautazami vizuri. Aliponifunga nikamuuliza, "Shemeji, umejuaje?"

Akacheka. "Nimekusoma. Michezo yako yote iko wazi kule kwenye tovuti. Mimi ni mwanachama wa kulipia, naiingiza kwenye uchambuzi, inanionyesha kila unapoteleza. Ukibanwa upande wa malkia unakimbilia kubadilishana kete. Kila mara!"

"Michezo yangu mimi?"

"Si umeicheza hadharani, shemeji?"

Damu ilinipanda. Michezo niliyoicheza mimi, kwa bando langu, nimesimama nyuma ya kaunta yangu, mwenyewe siruhusiwi kuichambua, lakini yeye anaruhusiwa kwa sababu ana kadi. Nikamwambia hivyo hivyo, na sauti sikuipunguza.

"Basi nitakupa neno langu la siri," akasema. "Uwe unaingia kwangu."

"Sitaki sadaka yako."

Mama mkwe alichungulia kutoka jikoni, akauliza kwa Kimeru kumetokea nini. Mume wangu, aliyekuwa amekaa pembeni akitutazama, badala ya kunitetea akasema, "Huo ni mchezo tu, mama watoto."

"Ungekuwa mchezo tu wasingeutia kufuli," nikamjibu.

Niliwaandikia wenye tovuti. Nilieleza kwa adabu kabisa kwamba mchezaji wa kawaida ndiye anayewajazia ukumbi wao. Bila sisi hao wanaolipa wangecheza na nani? Jibu lilirudi kabla hata sijaweka simu chini: asante kwa kuwa mchezaji wetu wa thamani. Chini yake, ofa ya kujiunga. Hakuna binadamu aliyesoma.

Nikapakua michezo yangu yote, kisha nikafuta akaunti. Hata kuondoka kulikuwa vita: kitufe cha kulipia kikubwa, kijani, kiko kila ukurasa, cha kuondoka wamekificha mpaka ukitafute kama sindano.

Sasa nacheza kwenye tovuti nyingine inayoendeshwa kwa michango, ambako kila mtu anapata kila kitu. Shemeji aliposikia akabetua midomo: "Vya bure hivyo ni vya watoto wa shule." Huko nilichambua michezo yangu ya zamani. Kuhusu upande wa malkia alisema kweli. Hilo liliniuma kuliko kufungwa, na halikunipunguzia hasira hata kidogo. Kumbe lilikuwa jambo la kurekebisha kwa wiki chache, na wenye tovuti ile ya kwanza walikuwa wamelikalia muda wote huo.

Jumapili bado tunakutana Akheri. Tunasalimiana. Ubao ukitolewa naingia jikoni kumsaidia mama mkwe kumenya ndizi. Mwezi uliopita shemeji alinifuata mlangoni akaniomba tucheze angalau mmoja. Nikamwambia akacheze na uchambuzi wake.