Ghorofa Iliyogoma Kupanda

Hadi majuzi, kila siku saa mbili asubuhi ilikuwa hivi. Anabonyeza kitufe, feni inakohoa, kisha anavuta kiti na kufumba macho. Kompyuta yake ya mezani imekula chumvi nyingi, ina miaka kumi na mitatu, na kuamka kwake ni dakika kumi na moja. Dakika hizo yeye hazipotezi. Anatembea.

"Naingia nyumba ya fundi viatu," anasema, macho kayafumba bado. "Napita sebuleni, nageuka kushoto. Aa! Mlango wa jiko unagonga kabati. Lazima niuhamishe."

Nyumba hiyo haina hata msingi. Lakini mwanamke huyu wa miaka hamsini na mbili, ambaye mtaa mzima unamwita Mama Ramani, hakabidhi mchoro wa nyumba kabla hajazunguka vyumba vyote kichwani.

Ofisi yake ni chumba cha mbele cha nyumba ya kupanga: meza moja, dirisha linalotazama kamba ya nguo za jirani, na kochi la wateja lililobonyea katikati. Hapo amechora nyumba mia tatu na kitu kwa miaka kumi na tisa, zote za chini. Ghorofa hakuna hata moja.

"Ghorofa nilikuwa naziota tu," anasema. "Naota napanda ngazi, nikikaribia juu naamka. Inaudhi kweli."

Ndipo akaja mkunga mmoja, mwenye kiwanja alichokipata baada ya miaka mingi ya kujinyima.

"Dada, kiwanja changu ni kama leso," mkunga alimwambia. "Hakitanuki. Nipandishe juu. Nataka chumba chenye dirisha kubwa, nikitoka zamu ya usiku nilale mchana kwenye upepo."

Walikubaliana mchoro uwe tayari Ijumaa. Ukishindikana, mkunga angeipeleka kazi kwenye ofisi yenye mashine mpya.

Sehemu ya chini ilikwenda vizuri. Ila kila mara Mama Ramani alipoweka ngazi na kuanza kuta za juu, kompyuta iliganda. Alianza mara nne, ikaganda mara nne. Jumatano asubuhi alishika tama, machozi yakamtoka.

"Nililia kama mtoto, sikufichi. Niliona ghorofa yangu ya kwanza inanipita hivi hivi."

Kompyuta mpya ilikuwa sawa na kodi yake ya miezi tisa. Alichokuwa nacho hakikufika kodi ya miezi miwili. Akapiga moyo konde, akamwita fundi wa kompyuta, mzee mpole mwenye sauti ya chini. Fundi alifungua kasha, akapuliza vumbi, akachungulia.

"Mama," alisema, "ramu yako ndogo."

Mama Ramani akasikia lingine kabisa.

"Ramani yangu ndogo?" alimaka. "Vyumba vitano, ngazi, baraza chini na juu, unaiita ndogo? Ulitaka nichore uwanja wa ndege?"

Fundi aliangua kicheko mpaka bisibisi ikamponyoka.

"Ramu, mama. Ra-mu! Ni pale mashine inapotandaza kazi yake. Hii meza yako ingekuwa na upana wa sahani, karatasi ungezitandaza wapi?"

Walicheka wote wawili, na kwa kweli kicheko kile alikuwa anakihitaji kuliko fundi alivyojua.

Vijiti viwili vya ramu vilitolewa kwenye kompyuta iliyokufa, iliyokuwa imelala dukani kwa fundi. Kilichonunuliwa kipya ni diski peke yake, ya kuifanya mashine iwake upesi. Mama Ramani alitamani na kioo kipana cha kompyuta, fundi akamkatalia.

"Kioo kizuri, mama, lakini hakitakupandisha ghorofa. Kiache kwanza."

Alhamisi alasiri kompyuta iliamka kabla hajakaa sawasawa. Akaweka ngazi, kidato baada ya kidato, kumi na sita. Akagusa kipanya kuanza juu. Mashine ikasita. Kisha kuta zikasimama, moja baada ya nyingine, taratibu, bila kelele.

"Nilikaa pale dirishani kwa mkunga karibu nusu saa," anasema. "Chai ikapoa. Kuna utulivu kule juu, we acha tu."

Ijumaa mkunga alikuja na sare yake ya kazi, akainama mbele ya kioo.

"Kitanda changu kiko wapi?"

Akaonyeshwa. Akavua viatu na kuvisogeza kando ya mlango.

"Nisije nikachafua kwangu," alisema. Kazi akamwachia.

Mchoro huo sasa uko kwa injinia wa mahesabu ya nondo. Mama Ramani ameshafungua mwingine. Kila mchoro mpya una mstari wa kuandika jina la mwenye nyumba, na safari hii, kwa mara ya kwanza katika miaka kumi na tisa, ameandika lake mwenyewe. Kiwanja hana. Wanaendelea kuweka akiba, yeye na mumewe.

"Mume wangu ananiuliza, tutajenga wapi?" anasema, na mkono wake tayari uko kwenye kipanya. "Namwambia, baba, hilo baadaye. Njoo kwanza uone unakolala."