Kiganja Juu ya Pampu

Fundi wa maji taka hafungui tangi kabla hajaweka kiganja juu ya pampu ya hewa, kama anayempima mtoto homa. Kisha huinama, hunusa, hujisemesha, hujipangusa vidole kwenye jinzi. Leo Bibi Oleta anamtazama. Mwisho wa mwezi mjukuu wake anaolewa hapa uani, kwenye nyasi zinazonyunyiziwa maji yanayosafishwa na tangi hilo, nazo zinanuka. Ni bibi mwenyewe aliyekuwa akizima pampu kila mchana, maana mvumo wake haumwachi alale.

"Vijidudu vinavyokula uchafu vimekosa hewa," fundi akasema.

"Kwani kuna mtu anaizima?" akauliza Dwayne, mtoto wa bibi. "Maana nitamnywesha hayo maji."

Fundi akamtupia bibi jicho, kisha akatazama dirisha la chumba chake lililo karibu na pampu. Akaenda kwenye gari lake, akakata kipande cha zulia la mpira la miguuni pake, akakilaza chini ya pampu, akaiwasha. Mvumo ukafifia, ukawa kama paka aliyeshiba. Akaweka tena kiganja, akasikiliza.

"Haya, mama," akamwambia bibi kwa sauti ya chini. "Wewe ulale, na yenyewe uiache ipumue."