Kanisa Walilolikuta

Mwaka 2013 nilikuwa Al Rayyan, karibu na Doha, Qatar, nikimtunza bibi mmoja wa Kipolandi aliyeletwa na mwanawe, mhandisi. Miguu yake ilikuwa imeishiwa nguvu, lakini ulimi haukuchoka. Kwa Kiingereza chetu cha kuokoteza alinieleza kijiji chake: kanisa la matofali mekundu, kinu cha maji, makaburi yenye majina ya Kijerumani. Baada ya Vita Kuu ya Pili Wajerumani walifukuzwa, na familia yake ikapelekwa kwenye nyumba zao, yeye akiwa na miaka sita.

Ijumaa moja mwanawe alialika wageni kwa chakula cha mchana. Akawaonyesha picha ya lile kanisa, akajigamba kwamba lilijengwa na babu zake.

Bibi akaweka kijiko chini. "Uongo. Lilijengwa na Wajerumani, sisi tulilikuta. Na mawe ya makaburi yao baba yako aliyang'oa akajengea zizi la ng'ombe."

Mwanawe akanigeukia, uso umemwiva. "Mama amechoka. Mpeleke chumbani."

Viza yangu ilikuwa mikononi mwake, na nililijua hilo. Lakini mimi nimekulia Trans Nzoia, Kenya, kwenye shamba lililokuwa la mlowezi wa Kizungu, na kwetu hakuna aliyewahi kuniambia ni akina nani waliofukuzwa pale kabla ya mlowezi huyo kufika.

"Hajachoka, bosi," nikasema. "Bado anazungumza."

Nikamwongezea supu. Bibi akaendelea mpaka akamaliza, na wageni wakamsikiliza. Mwanawe hakunisemesha siku tatu, na mimi sikumwomba msamaha.