Kisiwa Tulichokitazama kwa Zamu

Ilikuwa saa kumi na mbili na robo asubuhi kwa saa ya mfukoni ya Mwalimu Hamisi. Nasema kwa saa yake kwa sababu enzi zetu, pale Runazi, hapakuwa na saa nyingine ya kuipinga. Wenzangu mnaoikaribia hamsini mtakumbuka: jogoo alituamsha, jua lilitupeleka shambani, njaa ilitutangazia mchana, na mwalimu peke yake ndiye aliyejua ni saa ngapi. Robo hiyo ilipotimia alipuliza filimbi, na sisi wanafunzi wa darasa la tatu tukashika njia ya ziwani, kwa miguu, kwenda kutembelea kisiwa.

Kutembelea kwenyewe kulikuwa jambo geni. Kwetu mtu alikwenda mahali kwa sababu ya harusi, msiba au mbuzi aliyepotea. Kwenda mahali ili kutazama, kisha kurudi, ni jambo ambalo wazazi walilijadili mpaka maharage yakaungua. Mwalimu aliwaeleza kwamba kisiwani kuna mambo ya kale, wanyama na milima, na kwamba mtoto akiviona vitu hivyo akili yake itapanuka. Mama yake Stefano akauliza kama, ikishapanuka, kofia ya Kipaimara itaendelea kumtosha.

Ada ilikuwa senti ishirini. Baba alinipa sarafu mbili za senti kumi, zile zenye tundu katikati, akazitunga kwenye uzi wa katani na kunivisha shingoni. Baba yangu alikuwa mpagazi katika vita vya Waingereza na Wajerumani. Alibeba mizigo kutoka ziwani mpaka Tabora, na kutoka Tabora mpaka Mahenge, akarudi na vidole vinane vya miguu na ujuzi wa kila kitu. Ukimwambia umeona nyoka, yeye alishamwona mama yake.

"Nenda," aliniambia. "Lakini ukirudi, uniambie kitu kimoja nisichokijua. Kimoja tu. Ukikikosa, Jumatatu unashika fimbo ya mbuzi, na shule tutawaachia wenye watoto wa ziada."

Hakuwa anatania. Fimbo yenyewe ilikwisha kuchongwa, imeegemezwa ukutani. Nami wakati huo nilikuwa nimefika katikati ya kitabu changu cha kwanza cha kusomea. Kurasa za mbele sikuzijua, na nilitamani kuzijua kuliko nilivyotamani nyama.

Tulilala njiani kwa shemeji yake Mwalimu, mwenye duka. Tulikula viazi vitamu vya kuchemsha na karanga, na tuliogopa ziwa kabla hatujaliona. Mwalimu Hamisi alizaliwa pale pale Biharamulo bomani, lakini babu yake alitoka pwani na shehena ya vitambaa, kwa hiyo alikuwa na kanzu nyeupe, Kiswahili kilichonyooka, na jambo moja ambalo hakulijua kutuhusu. Ndilo lililoharibu safari. Au ndilo lililoitengeneza. Miaka yote hii sijaamua.

Jambo hilo ni mziro. Kila ukoo kwetu una mziro wake, mnyama ambaye watu wa ukoo ule hawamli wala hawamuui, kwa kuwa ni kama ndugu. Zipo koo zilizoishia hapo. Koo zetu za Runazi zilikuwa kali zaidi: mziro wako hata kumtazama hutakiwi. Sasa chukua darasa zima la watoto wa koo mbalimbali, ulipeleke kutazama wanyama.

Mlinzi wa kisiwa alikuwa bibi mmoja aitwaye Nyangoma. Wazee wake waliwekwa pale na mtemi walinde mahali pa kale, na yeye aliendelea kulinda ingawa hakuna aliyewahi kuja kuiba. Alitupokea mtumbwini, tukampa shikamoo, akaitikia marahaba kwa kila mmoja, akauliza mziro wa kila mmoja. Kisha akatupanga: anayefumba macho ashike bega la anayeona.

Akamgeukia Mwalimu. "Na wewe?"

"Mimi sina mziro, Bibi."

"Mtu asiye na mziro hana ukoo. Kitu gani huli?"

Mwalimu akafikiri. "Nguruwe."

"Haya. Wa nguruwe, kaa pale mwisho."

"Bibi, sili, lakini kutazama naruhusiwa."

"Umeshaanza kujitetea," alisema Nyangoma. "Nikisema fumba, fumba."

Tukaanza. Kwanza mambo ya kale. Tuliona tanuri la kuyeyushia chuma, limebomoka, na mavi ya chuma yametapakaa kama makaa. Halafu tukaona mwamba wenye nyayo za mtemi wa zamani, aliyekanyaga jiwe kabla halijakauka. Nyayo zilikuwa mbili, na zote zilikuwa za mguu wa kushoto. Mwalimu alizipima kwa rula, akauliza wa kulia uko wapi.

"Aliuhitaji kwingine," alijibu Nyangoma, nasi tukaona ni jibu la kutosha.

Wanyama wakaanza kutokea, wa kwanza nzohe, swala wa majini, na hapo maandamano yetu yakaharibika. Nyangoma alitangulia akipaza sauti: "Wa nzohe, fumbeni! Fumbueni! Wa kanga, fumbeni! Wewe wa tumbili, acha kuchungulia, ndugu yako kakuona!" Nusu ya darasa ilikuwa gizani wakati wowote ule. Zilipoonekana alama za nguruwe mwitu kwenye tope aliita, "Mwalimu!" na Mwalimu Hamisi, kwa adabu aliyorithi kwao, akafumba macho, akashika bega la mtoto, akavushwa tope na kanzu yake ikiwa imepandishwa magotini.

Aliyepata taabu ni Stefano. Mziro wao ulikuwa mbayuwayu, na kisiwa kile kilikuwa na mbayuwayu wengi kuliko majani. Alifumba macho tangu tuliposhuka mtumbwini. Alipelekwa kwenye tanuri, kwenye nyayo, akapandishwa kilima chote kilichokuwa na baridi na ukungu kama Ngara kwenyewe, akateremshwa, na kitu pekee alichokiona kisiwani ni ndani ya jiko la Nyangoma, tulipoingia kula ugali wa muhogo na samaki. Alilisifu sana jiko lile. Insha ya safari ilipoandikwa, yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza, kwa kuwa sisi wengine tulitazama na yeye alisikiliza.

Mimi niliyakusanya yote kichwani kwa ajili ya Baba, moja baada ya jingine. Tulikuwa tunarudi ufukweni Nyangoma aliposimama na kusema kwa sauti ya chini, "Wa kiboko, fumba."

Wa kiboko nilikuwa mimi peke yangu.

Nilifumba. Nilisikia maji yakigawanyika, na pumzi nzito, kama mlango wa ghala unaoburutwa. Darasa zima likavuta hewa kwa pamoja. Nilikuwa nimeshika bega la Kagoma, jirani yangu wa dawati. Wazo likanijia: Baba amekwenda mpaka Mahenge, lakini kila kiboko aliyemkuta njiani alimfumbia macho. Dunia nzima ina kitu kimoja ambacho Baba hakijui, na kiko hatua chache mbele ya pua yangu. Ningefungua jicho moja tu, kidogo tu, kurasa za mbele zingekuwa zangu.

Sikufungua. Si kwa wema; niliogopa kwamba kiboko angenitambua.

Mtumbwini nilimbana Kagoma. "Yukoje?"

"Mkubwa kama darasa. Ana kwato za shaba."

"Pembe?"

"Amezificha mdomoni. Asubuhi anapiga magoti ufukweni na kusali."

"Lakini tulimwona mchana."

"Uliona nani? Mimi ndiye niliyeona. Kwenye shingo ana manyoya kama ya simba, lakini yakilowa yanalala. Halafu ana kimkia kifupi, na akijisaidia anakizungusha kama feni ya Mhindi, anayatawanya pande zote."

Jumamosi alasiri nilisimama mbele ya Baba. Nilianza na tanuri. Akasema amewahi kuvuta mivukuto ya tanuri kama lile kwa siku nzima, na mikono yake ikanionyesha jinsi. Nikasema nzohe; alishamla kwenye mabwawa ya Malagarasi, nyama yake inataka chumvi nyingi. Nikataja baridi ya kilimani. Baba akatazama mahali palipokuwa na vidole vyake viwili. Nikatoa la mwisho, nyayo mbili za kushoto za mtemi.

"Wa kulia uko Usumbwa," alisema Baba. "Nimeukanyaga nikiwa na sanduku la risasi kichwani."

Mama alikuwa anapepeta maharage mlangoni, na ungo ukatulia mikononi mwake. Baba akanyoosha mkono kwenye fimbo.

"Kulikuwa na kiboko," nikasema. "Nilimfumbia macho."

Mkono wa Baba ukakaa hewani.

"Senti ishirini nzima," alisema mwishowe, "na kiboko hukumwona. Huyo peke yake ni robo ya kisiwa." Jumapili, Misa ilipokwisha, alikwenda kwa Mwalimu Hamisi kudai senti tano za kiboko. Mwalimu, aliyekuwa bado anasugua tope kwenye kanzu, alizitoa bila ubishi. Alisema kwa hesabu hiyo yeye mwenyewe anamdai Bibi Nyangoma nguruwe.

Ni Mama, niliyemsimulia ya Kagoma jikoni, aliyelitamka. "Baba Daudi," alisema, akimwekea ugali, "wewe kiboko unamjua?"

"Mziro wangu nitamjuaje?"

"Basi mtoto anaye. Kaambiwa na Kagoma."

Baba aliacha tonge. Ugali ukapoa. Akaondoka kwenda kwa baba mkubwa, kaka yake, aliyekuwa mwenye neno katika ukoo, kuuliza kama mziro unaweza kusikilizwa. Walirudi wawili, na nyuma yao walikuwa majirani wa ukoo wetu ambao hawakualikwa. Baba mkubwa akatoa hukumu akiwa amesimama: "Mababu walikataza mdomo na macho. Masikio hawakuyataja. Kaa, kijana. Sema polepole."

Nilisema. Sijawahi kusikilizwa vile tena, na nimehutubia mikutano ya ushirika. Niliposema kwato za shaba, baba mkubwa alifunga macho akaguna kwa raha. Niliposema kusali ufukweni, shangazi alifuta machozi. Baba aliuliza masikio, meno, sauti. Alinirudisha nyuma mara kwa mara kama mtu anayekagua mzigo kabla ya kuubeba. Walikuwa wamemtunza ndugu huyu vizazi na vizazi bila kujua sura yake, na sasa ameingia nyumbani. Lilipofika la mkia, Baba aliinua kiganja.

"Hilo ni uongo," alisema. "Mnyama mwenye heshima kama huyo hawezi. Kagoma kaongeza."

Wote wakakubali kwamba Kagoma kaongeza, nami nikaliondoa.

Jumatatu Baba alinisindikiza shuleni akitembelea ile fimbo ya mbuzi, akaingia darasani bila kubisha hodi, na kuweka senti tano juu ya meza. "Kiboko tumempokea," alimwambia Mwalimu. "Kapitia masikioni." Fimbo hakuniachia. Kitabu nilikimaliza mwaka ule, na vingine vingi nimevimaliza peke yangu tangu hapo, bila mwalimu. Katika kile kinachohusu wanyama, ukurasa mmoja nimeugandisha kwa uji wa muhogo, nisije nikaufungua kwa bahati mbaya.

Siku hizi mambo ni mepesi. Binti yangu, anayesoma sekondari, alipelekwa na wenzake kuangalia wanyama kwa lori. Walikula mkate wa siagi, wakasikiliza redio njia nzima, na vijana wao walivaa suruali zilizopanuka chini kiasi cha kufagia barabara. Asubuhi walitoka, jioni walirudi. Nilimuuliza kama walimwona kiboko. Akasema ndiyo, kwa macho yake mawili, alikuwa amelala.

"Ulimtazama mziro wako?"

"Baba, kila mtu alikuwa anatazama."

Nikamuuliza kuhusu kwato za shaba, na manyoya yanayolala yakilowa, na kupiga magoti. Alicheka mpaka akashika mlango. Hakuna hata kimoja, alisema. Ni kama gunia la ngozi, Baba. Kisha akakumbuka kitu. "Ila alipoamka alizungusha kimkia, akayatawanya. Shati la mwalimu wetu halikupona."

Nilitoka nje nikakaa. Kagoma alitudanganya kwa kila jambo, isipokuwa lile moja tuliloliondoa. Baba amelala chini ya migomba miaka kumi sasa, akiwa na kiboko wake msafi. Nilifikiri kwenda kumwambia, nikaona nisimsumbue. Kiboko wa binti yangu ndiye wa kweli, silikatai hilo. Lakini ni mdogo, na aliyemwona ni kila mtu. Wetu alikuwa mkubwa kama darasa, na kumpata ilibidi umshike mwenzako bega, uamini atakachokuambia.

Safari ile, baada ya zile senti tano kutoka kwa Mwalimu na kurudi kwake, ilitugharimu senti ishirini.