Kitabu cha Magonjwa Ndani ya Sanduku la Jirani

Wanafunzi wa udaktari wakija hospitalini kwetu kufanya mazoezi, swali ni lile lile: Daktari, kwa anapati nitumie kitabu gani? Anapati ndilo jina tulilozoea la somo la patolojia, somo la kujua ugonjwa unafanya nini ndani ya nyama ya mtu mpaka anakufa. Wana simu zilizojaa vitabu, video, maswali na majibu yake, na bado wananitazama utadhani nimewaficha kimoja. Nakasirika kidogo, sidanganyi. Kisha nawaonea huruma, kwa sababu nakumbuka Kamina wakati wa vita, na jinsi mimi mwenyewe nilivyokihangaikia kitabu changu.

Nilikuwa nimeanguka mtihani. Huko Lubumbashi tulisomea silabusi, yaani masomo ya profesa yaliyopigwa chapa, na silabusi yangu ilikuwa fotokopi ya fotokopi. Maneno yalisomeka, lakini picha zilikuwa madoa meusi matupu: ini jeusi, pafu jeusi, figo nyeusi. Sisi tulikuwa tunabloke, ndivyo tulivyoita kule kukariri mpaka kichwa kinauma, na mimi nilikuwa hodari wa kubloke. Basi profesa akaniwekea mezani chupa yenye kipande cha kiungo cha mtu, akauliza kina ugonjwa gani. Nikamwimbia ukurasa mzima, koma na nukta, juu ya ugonjwa mwingine kabisa. Alinisikiliza mpaka mwisho, masikini, akasema tutaonana sesheni ya pili, yaani mtihani wa marudio.

Na mwaka ule nilikuwa tayari narudia darasa. Anayerudia akianguka tena anafunga mizigo, udaktari umekwisha, arudi kwao akauze mihogo. Hilo nililijua, baba alilijua, na mama alilisema kila aliposugua sufuria.

Vita vilikuwa vimewaka upya na masomo yakakatika, nikapanda treni kurudi Kamina nikasomee nyumbani. Mji ulijaa wanajeshi. Ndege za kambi zilipita juu ya bati zetu mpaka vikombe vinacheza kabatini, na sisi tukaendelea kunywa chai. Baba yangu alikuwa mwalimu wa shule ya Kimethodisti, mtu wa koti na tai hata jua likiwa kali, na serikali ilikuwa imesahau kumlipa tangu zamani. Alifundisha tu. Aliniambia wewe soma, mengine ni yetu.

Nisomee nini sasa? Nilikuwa na silabusi yangu ya madoa. Nilikuwa na muhtasari wa mwanafunzi aliyenitangulia, na huyo bwana alifupisha mpaka ugonjwa ukabaki bila dalili. Daktari mzee wa hospitali ya mjini akaniazima kitabu chake cha ujanani, cha Kiingereza, lugha ambayo nilijua kusalimia tu, na ndani hamna hata picha moja. Alipoona uso wangu akacheka, akanieleza kwa upole kwamba anapati haisomwi kwa masikio bali kwa macho. Tafuta picha za rangi, alisema, uziangalie mpaka ukilala uzione.

Ningetafuta wapi? Picha za rangi nilijua ziko wapi. Zilikuwa nyumbani kwetu, chumbani kwa wazazi, ndani ya sanduku la chuma lenye kufuli, na sanduku lenyewe halikuwa letu.

Lilikuwa la jirani zetu wa Kasai, jimbo linalopakana na letu. Baba wa nyumba ile alikuwa karani wa reli, na mtoto wake wa kwanza alisomea udaktari. Sisi watoto wa avenyu, yaani mtaa wetu, tulimwita Yaya, kaka mkubwa. Akija likizo aliketi barazani na kitabu kipana cha magonjwa, akatuita tuone pafu la mvuta sigara na moyo ulionenepa. Wenzangu walikimbia wakipiga kelele. Mimi nilibaki nikimwuliza hiki nini, na hiki je, na yeye hakuchoka kunijibu. Udaktari wangu ulianzia pale, kwenye baraza la watu wengine.

Kisha ukaja ule wakati mbaya ambapo watu wa Kasai waliambiwa jimbo letu la Katanga si kwao, hata waliozaliwa hapa. Walifukuzwa kazini na majumbani, wakajazana stesheni na magodoro yao, wakingoja treni ambayo haikuja. Kabla ya kuhama nyumba, mama yake Yaya aliingia kwetu na sanduku lile: sufuria zake, mashuka ya harusi, na vitabu vya mtoto. Baba alilipokea kwa mikono miwili, akamwambia litakuwa hapa siku atakayorudi. Watu wa avenyu walimsema baba vibaya sana, eti anawafichia wageni mali. Tuliwapelekea jirani zetu chakula stesheni mpaka treni ilipowachukua, baadaye tukasikia wamefika Mbuji-Mayi, huko Kasai, na habari zikaishia hapo.

Basi nikamwomba baba afungue. Nilianza kwa adabu, nikaeleza mtihani, nikaeleza picha. Alisikiliza huku akifuta miwani, kisha akakataa. Nikasema ni kitabu kimoja tu, nitakirudisha mahali pake. Akakataa. Mama naye akaingia upande wangu, akamkumbusha kuwa sufuria yetu kubwa ilipotoboka yeye alikwenda kuazima kwa watu, na sufuria nzima zimelala chini ya pua yake, na hakulalamika. Lakini hili ni la mtoto. Ndipo baba akasema, na akalisema kwa sauti ya chini:

"Ule muntu balimunyanganya kazi, balimunyanganya nyumba. Hii sanduku njo ilibakia yake. Kama minyi nafungua bila yeye kujua, niko tofauti gani na bale balimufukuza?"

Nililia. Nilimnunia, nikakataa chakula, na yeye akala kidogo vilevile, kwa kuwa hakuwa mtu wa kushiba mtoto wake akinuna. Asubuhi akavaa koti na tai, akaniambia nivae viatu, tunakwenda kuomba ruhusa.

Kuomba ruhusa Mbuji-Mayi, na vita viko katikati! Simu hazikuwapo. Kilichokuwapo ni foni ya misheni, redio ile ya kuongea masafa marefu, ambayo mmoja husema, akimaliza anasema "à vous", yaani zamu yako, na mwingine ndipo ajibu. Kila mtu aliyekaa kwenye foni hiyo, mji wowote, anasikia mambo yako. Na kwa sababu ya vita, kando ya fundi wa foni aliketi mwanajeshi, kazi yake kusikiliza kama kuna wapelelezi.

Baba akatoa ujumbe wake: kumwomba mama fulani, mke wa karani wa reli, ruhusa ya kufungua sanduku. Mwanajeshi akainuka kitini. Sanduku gani? Lina nini? Maana kwa sikio la vita, "kufungua sanduku" ni bunduki tu. Baba akamjibu niliambiwa ni sufuria, mashuka na vitabu, mimi sijalifungua. Limekaa kwako tangu lini? Tangu watu wale walipofukuzwa. Na hujafungua? Sijafungua. Yule mwanajeshi alimtazama baba kuanzia tai mpaka viatu. Sijui alikuwa mtoto wa wapi, lakini akakaa, akamwambia fundi apeleke ujumbe.

Siku zikapita, wachungaji wa misheni ya kule wakamtafuta mama huyo, na siku moja tukaitwa. Sauti yake ilitoka kwenye redio ikikwaruza, lakini ilikuwa yake, na Kiswahili chake bado cha Kamina. Alitusalimia, "Moyo wenu", akauliza habari za kila mmoja wa avenyu, hata za wale waliomtukana. Baba akaeleza shida yetu: mtoto, mtihani, kitabu cha Yaya. Akasema tunaomba, na kama Yaya mwenyewe yupo karibu, tungependa ruhusa itoke kwake. À vous.

Akasema Yaya hayupo. Alikufa mwaka ule ule walipofika.

Baba alivua miwani. Mama huyo akaendelea kusimulia, polepole, na fundi hakumkatisha. Yaya alishikwa na homa isiyoshuka, wiki baada ya wiki, na tumbo likimsumbua. Halafu siku moja akaamka na nafuu, akasema ana njaa. Mama alifurahi mno. Akaazima unga, akampikia bukari, ugali wetu, akamlisha kwa mkono wake. Baadaye tumbo likakaza kama ubao, na kesho yake hakuiona. Muuguzi mmoja akamwambia mbele ya watu: chakula kizito ndicho kilichomwua, mama gani wewe.

"Kufuli muvunje," alisema. "Mutoto asome. Na kama anapita ile examen, akuye hapa ku foni aniambie: bukari yangu njo ilimuua? Kuanzia ile siku sipikake tena bukari. À vous."

Baba alijibu kwa niaba yangu kwamba nitakuja. Njiani nilimwambia nadhani ninajua ugonjwa ule, nimwambie kesho tu. Akakataa tena, huyu baba yangu wa kukataa! Alisema mzazi aliyefiwa hapewi "nadhani". Amesema ukipita mtihani, basi pita kwanza.

Tulivunja kufuli mchana, mama amesimama mlangoni. Kitabu kilikuwa kimefungwa ndani ya shuka, hakina hata vumbi. Baba akanionya kuwa ruhusa tuliyopewa ni ya kufungua, si ya kusafirisha. Kitabu hakitapanda treni. Nilitaka kupiga kelele. Lakini alikuwa na ufunguo wa darasa lake, na shule ilikuwa imefungwa kwa likizo, na ndani ya meza yake alikuwa ameweka akiba ya chaki za rangi ambazo alizitunza kwa ajili ya ramani. Hapo ndipo nilipojifunza anapati. Kila picha niliitazama, nikafunga kitabu, nikaichora ubaoni. Baba hakujua hata neno moja la udaktari, lakini alikuwa mwalimu: alikaa dawati la mbele, kitabu magotini, akilinganisha. Hapa umeweka njano, kitabu kina kijivu. Hiki kidonda chako ni cha mviringo, cha kitabuni ni kirefu. Futa. Chora tena. Mikono yetu ilikuwa ya rangi zote, na mama akileta mihogo tulikula na chaki.

Kidonda kile kirefu nilikichora mara nyingi kuliko vyote. Ni cha tifoide, homa ya matumbo: kinalala kufuata urefu wa utumbo, kinachimba kimya kimya kwa wiki kadhaa, na mara nyingine kinatoboa kabisa, hata mgonjwa anapoonekana ana nafuu.

Treni ilinirudisha Lubumbashi na silabusi yangu ya madoa, mikono mitupu, lakini macho yangu yamejaa. Profesa aliweka chupa. Niliona pafu, nikasema. Niliona figo, nikasema. Alinipeleka chupa hadi chupa, na mwishowe akaandika, akanionyesha: nimepita. Wenzangu wangetoka mbio. Mimi nilibaki nimesimama, akaniuliza kuna nini tena. Nikamweleza habari za tumbo lililokaza, za bukari na za maneno ya muuguzi. Mtu yule mkali alivuta kiti akaketi. Akasema zamani hata madaktari waliamini hivyo, lakini utumbo ule ulikuwa umeliwa na ugonjwa mpaka ukabaki ngozi. Kijana angekunywa maji matupu ungetoboka vilevile. Kamwambie, alisema.

Nilirudi Kamina, tukaenda misheni, baba na mimi. Watu walikuwa wengi wakingoja foni, na mwanajeshi alikuwa yule yule. Mama yake Yaya alikuwa ameshaitwa. Hakuuliza habari safari hii, alisema tu ananisikiliza. Nikashika kipaza sauti cha foni.

"Mama, nilipita. Haikukuwa bukari yako. Ugonjwa njo ilitoboa tumbo yake. Hata angekunywaka mayi tu, ingetoboka. Ulimupatia chakula na njaa yake ikaisha. À vous."

Fundi akagusa vifungo, akanong'ona kwamba mama amesikia, njia ni safi. Kisha sauti ikaja: "Sema tena."

Nikasema tena, maneno yale yale. Akaniambia niseme tena. Nikasema. Nyuma yangu watu waliokuwa wakigombania zamu waliacha kusukumana, na mwanajeshi hakusema muda umekwisha. Mara ya tatu mama hakusema "à vous". Alisahau kuachia kifungo cha kuongelea, tukamsikia akimwita mtu kwa lugha ya kwao, ambayo haiko mbali na Kiluba chetu, nikaelewa: alikuwa anamwita mume wake aje naye asikie. Nikangoja afike, kisha nikaanza upya.