Jicho la Pili la Gayogayo

Nilikuwa nachora picha za vitabu vya shule, nikapewa kazi ya kuchora samaki wanaoishi kwenye sakafu ya bahari. Mie mtu wa bara, samaki wangu ni sato na sangara. Nikaenda Kunduchi, nikamwamkia mama mmoja muuza samaki. Akanitolea gayogayo kwenye beseni, bapa kama kandambili, macho yote mawili upande mmoja.

"Mama, huyu si ana kilema?"

Akacheka. "Analala ubavu mchangani, mwanangu. Jicho la chini lingeona nini?"

Nikamnunua. Nyumbani Mbezi nikasoma habari zake. Huanguliwa ana jicho kila upande, akiogelea wima kama samaki wengine. Bado mdogo, jicho moja huanza kuhama, likavuka utosi mpaka kwa mwenzake. Hapo hushuka chini akalala. Upande wa juu hufanana na mchanga, wa chini hubaki mweupe. Akijifukia, unaona macho tu.

Nilimchora siku nne. Mhariri akairudisha picha: "Ondoa jicho moja. Samaki akichorwa ubavu huonekana jicho moja." Nikamwandikia maelezo ukurasa mzima. Ikarudi tena: "Watoto watachanganyikiwa."

Nikanunua gayogayo mwingine, nikampeleka ofisini kwake kwenye ndoo ya barafu. Nilikalishwa mapokezi mpaka barafu ikayeyuka na watu wakaanza kuziba pua. Mhariri alipotoka, alimgeuza samaki kwa ncha ya kalamu, akaona ule upande mweupe usio na jicho.

"Kweli," akasema. "Lakini dada, huyu atatuletea maswali."

"Bosi, si kitabu cha sayansi?"

"Muda hatuna."

Kitabu kikatoka. Jicho moja nililolichora lilikuwa limefutwa, na samaki kasimamishwa wima katikati ya maji. Chini yake: Gayogayo. Jina langu lipo kwenye orodha ya wachoraji. Nikapiga simu liondolewe, nikaambiwa nisubiri toleo lijalo.

Binti wa jirani alipokuja nacho kufanyia kazi ya nyumbani, nilishindwa kuvumilia. Nikamchorea jicho la pili kwa penseli, nikamweleza kwa nini.

Kesho yake mama yake akabisha hodi, kitabu mkononi. "Jirani, mbona unachorachora kitabu cha shule? Mwalimu kasema kisafishwe."

Nilianza kumweleza habari za mchanga. Akaninyooshea kitabu. Nikaingia ndani kutafuta ufutio.