Uyunani Hakuna Ndege

Juzi mbunge mmoja alisema redioni kwamba siasa zetu za kura zina asili kwa Wayunani wa kale. Wivu ukanipanda upya, na harufu ya matope ya mpungani, kule kijijini kwetu Mkongo, ikanijia puani.

Nilikuwa bado mdogo, na kaka yangu Seifu alikuwa amerudi likizo kutoka shule ya Waingereza. Tulitumwa wote wawili kuamia ndege wasile mpunga. Yeye akapanda dunguni, kile kibanda cha juu cha kulindia shamba, akakaa kivulini na kitabu chake. Mimi nikabaki juani, nikipiga debe na kurusha madongo.

“Wayunani walishinda uwanjani wakijadili nani atawale,” alinisomea. “Mwingereza akiondoka, na sisi tutakaa hivyo hivyo.”

“Sasa kaka, shambani nani alikuwa anaamia ndege?”

“Kitabu hakisemi. We piga debe.”

Basi nikadhani Uyunani hakuna ndege, nikawaonea wivu na wao.

Leo najua ndege walikuwepo. Walikuwepo na wanawake na watumwa wa kuwafukuza, wasioitwa uwanjani.

Baadaye Seifu akawa diwani. Udiwani wake sina haja nao. Kile kivuli ndicho kinachoniuma mpaka leo.